Kabla Hujailaumu Gasketi

Juzi nilipita Mikumi kumsalimia binti yangu, na vijana wa gereji moja kando ya barabara kuu wakanisimamisha. Mikono yao ilikuwa na grisi, kwa hiyo wakanipa viwiko badala ya viganja, kama tulivyofanya sisi. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu." Nyuma yao lori lilikuwa limeinamishwa kabini na linafuka mvuke. Mmoja wao, spana ya kumi na tisa mkononi, akaniuliza, "Mzee Yona, gari ikichemsha unaanza kufungua wapi?"

Nikamwambia hufungui, unauliza kwanza. Wakacheka kwa adabu, jinsi vijana wanavyomcheka mzee wanayedhani akili zimeanza kumpungukia. Sikubishana nao. Nimerudi Kilosa, nimekaa barazani na daftari, nawaandikia jibu lenyewe. Ni refu, na ndani yake kuna aibu yangu. Someni mkiwa mmekwisha kunawa mikono.

Mimi ni Mkaguru wa Berega. Nilisomeshwa na shule ya misheni mpaka nikajua kuandika barua na kuimba sauti ya tatu, kisha nikateremka Mikumi kutafuta kazi. Nikaishia chini ya malori kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliyenipokea ni fundi Mapunda, Mngoni mfupi mwenye masikio makubwa. Ufunguo wa sanduku la spana aliuvaa shingoni kwa kamba, na miezi yangu ya kwanza hakunipa hata siku moja. Gari likija, ananiambia, "Nenda kaliguse, kalinuse, kalisikilize, halafu njoo uniambie linaumwa nini." Nikikosea ananirudisha. Siku nyingine nilirudishwa mara nne, madereva wakinitazama huku wanakunywa chai.

Nilimchukia, nasema kweli. Leo kila ninachokijua kuhusu gari linalochemsha kilitoka kwake. Alinifundisha kushika mpira wa maji wa juu na ule wa chini. Wa juu ukiwa wa moto mkali na wa chini wa baridi, maji hayazunguki, kwa hiyo tazama wota pampu, tazama thamostati, tazama kama rejeta imeziba kwa ndani. Alinifundisha kuchomoa kijiti cha oili na kukitazama juani, maana oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia mahali pasipo pake. Alinifundisha kwamba gari linalochemsha likiwa limesimama na likipoa likikimbia lina ugonjwa wa feni au mkanda wa feni. Linalochemsha likiwa na mzigo mlimani tu, likiwa tupu halina neno, hilo linakosa upepo au linakosa maji ya kutosha kwenye rejeta. Hapo spana bado iko sandukuni.

Na mtu wa kukuambia hayo ni dereva. Mapunda alisema dereva ndiye geji ya kwanza, ile ya kioo ni ya pili.

Madereva nao wana vituko vyao, msidhani nawafanya malaika. Mmoja alituletea lori linalovuja maji, akaapa hakuweka kitu chochote kwenye rejeta. Mapunda akafungua kifuniko, gereji nzima ikanukia pilau. Jamaa alikuwa amemimina binzari pakiti nzima ili izibe tundu. Tundu lilizibika kweli, na njia nyingine zote za maji zikazibika pia. Tuliisafisha rejeta ile siku mbili, na hadi leo mke wangu akipika pilau namkumbuka mtu yule. Kuna na hili la kutoa thamostati, ule mlango unaofungulia maji yakipata moto, na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto haiihitaji. Naona bado mnalifanya. Acheni. Maji yanapita mbio bila kupoa vizuri, na asubuhi za baridi injini inakula oili bure. Aliyeibuni injini alijua kwamba Afrika kuna jua.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana mficha uchi hazai.

Mapunda alikwisha kufariki, na mimi ndiye niliyekuwa fundi mkubwa pale. Watu waliniita Daktari. Niliipenda sana sifa hiyo, na ndiyo iliyoniharibu. Nilikuwa natazama gari kutoka mlangoni, nataja ugonjwa, madereva wanapiga makofi. Mara nyingi nilipatia. Mtu anayepatia mara nyingi huacha kuuliza.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kidodi, tumwite Mama Rehema, mwenye lori la kubeba miwa kutoka mashamba ya Ruhembe. Dereva wake alikuwa Shija, Msukuma aliyehamia Masanze na mkewe, watoto na ng'ombe wachache. Mtu mrefu, mpole, anayeiosha gari yake kuliko anavyojiosha mwenyewe. Shija alikuwa mtani wangu. Wakaguru na Wasukuma wametaniana tangu wazee wetu walipokuwa wakienda pwani kwa miguu, na sisi wawili tuliufanya utani huo kwa bidii. Akifika gerejini, kwanza shikamoo, maana mimi ni mkubwa kwake na shikamoo haina utani. Baada ya hapo, "Mkaguru, bado hujafa tu?" Nami, "Nangoja ninyi mmalize kuhamisha ng'ombe, mrudi kuwachukua watoto mliowasahau njiani."

Alikuwa na moja alilolirudia kila mara. Siku nitakapokufa atakuja msibani, akae ukingoni mwa kaburi na spana mkononi, awaambie waombolezaji kwamba marehemu alikuwa anafungua nati kwa meno. Na udongo usiingie mpaka yeye kama mtani apewe jogoo wake. "Tena awe mwekundu," alisema. "Mweupe sitaki, nitakaa humohumo kaburini."

Mnajua kwamba msiba usio na watani ni msiba wa ukiwa. Kwa hiyo nilimpenda kwa hilo, ingawa sikuwahi kumwambia.

Msimu mmoja wa miwa, Shija akaleta lori linachemsha. Lilikuwa ni lori ambalo Mama Rehema alilinunua mwaka uliotangulia, jipya kuliko yote niliyoyazoea, lenye turbo. Ilikuwa Jumamosi, magari yamejaa uwanjani, madereva wamekaa juu ya matairi wananingoja nitaje ugonjwa. Shija akasema, "Mtani, sikiliza kwanza. Likiwa tupu linakwenda mpaka Morogoro mshale wa joto hautikisiki. Nikipakia miwa tu, nikifika kwenye kile kilima cha kutokea shambani, mshale unapanda. Nasimama, linapoa, naendelea."

Someni tena maneno yake hayo. Ugonjwa wote umo. Mwanafunzi wa Mapunda aliyefunzwa kwa kurudishwa mara nne angeusikia. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua kifuniko cha rejeta na kuongeza maji, injini ikinguruma. Nikaona mapovu yanapanda. Nikageuka kwa wale wa juu ya matairi, nikasema kwa sauti, "Gasketi ya silinda hedi imekwenda."

"Mtani, nimekuambia likiwa tupu..."

"Shija, wewe endesha. Magonjwa niachie mimi."

Wakacheka. Mapovu yale, vijana, yalikuwa hewa. Ukimimina maji kwenye injini yenye moto, hewa iliyonaswa ndani hutoka, nayo hutoka kwa mapovu. Mapovu ya gasketi iliyoungua hayaishi, maana moto wa silinda unayapuliza maji muda wote. Haya yangeisha kama ningengoja kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Tulifungua hedi siku mbili. Siku ya pili jioni nikaitoa gasketi, nikaisafisha kwa dizeli, nikaitazama mwangani. Gasketi iliyoungua huwa na njia nyeusi, mahali moto wa silinda ulipojipenyeza kwenda kwenye tundu la maji. Hii haikuwa nayo. Nikaweka rula ya chuma juu ya hedi, imenyooka. Nikarudi kwenye gasketi, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Ilikuwa nzima.

Nilikuwa nimelifumua lori la watu katikati ya msimu kwa ajili ya mapovu. Nikaichukua ile gasketi, nikaisukumia nyuma ya pipa la oili chafu, nikafunga mpya.

Mama Rehema alikuja kesho yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Fundi, ilikuwa imeungua?"

"Imeungua, mama."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo ningeweza kurudi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini madereva walikuwa wamesimama palepale, wale walionipigia makofi, nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Gari imeendeshwa mshale ukiwa kwenye nyekundu."

Shija alikuwa pembeni yake. "Fundi, nilisimama. Kila mara nilisimama. Ulinisikia nikikuambia."

Sikumtazama. Nilikuwa nafuta spana ambayo haikuwa na uchafu.

"Shija," Mama Rehema akasema, "lete funguo."

Akazitoa mfukoni, akampa kwa mikono miwili. Akabeba blanketi lake na sufuria yake kutoka kwenye kabini. Alipofika mbele yangu akasimama. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Akasema polepole, "Fundi Yona, utani nautua hapa. Siku yako ikifika, uzikwe na watu wako. Mimi sitakuja."

Dereva wa miwa akisemwa kwamba ameunguza injini, ndiyo basi. Hakuna mwenye lori kuanzia Kidodi mpaka Mikumi atakayempa usukani. Nililijua hilo vizuri wakati nafuta ile spana.

Haikupita hata miezi miwili, simu ikalia. "Fundi, lori limechemsha," Mama Rehema akasema. "Kilima kilekile. Dereva mwingine. Na huyu naye ameiunguza?"

Nilikwenda Ruhembe asubuhi yake bila spana hata moja. Nilipanda lori likiwa na miwa, nikakaa pembeni ya dereva mpya, nikautazama mshale. Tambarare, umetulia. Tulipoanza kilima, ukaanza kupanda. Nikamwambia asimame na asizime. Nikashuka na gazeti lililokuwa kwenye kabini, nikatoa ukurasa mmoja, nikauweka mbele ya grili.

Hiki ni kipimo cha Mapunda, na hakina gharama. Injini ikiwa inanguruma, feni inavuta upepo kutoka mbele. Karatasi ikiwekwa pale inapaswa kugandia yenyewe. Ile yangu ikaanguka. Nikaiweka tena, dereva akakanyaga mafuta, ikaanguka tena. Feni ilizunguka vizuri na mkanda ulikaza, ila upepo haukupita. Nikachungulia kwenye grili. Safi, inang'aa.

Tulipolirudisha gerejini nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwenye malori yangu ya zamani. Lori lenye turbo, kama mnavyojua ninyi, lina rejeta mbili: mbele ile ya kupoza hewa, mnayoiita intakula, na nyuma yake rejeta ya maji. Niliilegeza ile ya mbele, nikaisogeza. Katikati yao kulikuwa na blanketi. Sijui niite nini kingine. Masizi ya miwa iliyochomwa, vipande vya majani makavu, vumbi na ukungu wa oili, vyote vimeshikamana mpaka nikavimenya kwa mkono vikatoka vipande vizima.

Kule shambani miwa inachomwa kabla ya kuvunwa, masizi yanaruka kila mahali, na malori yanayavuta siku nzima. Hilo kila mtu analijua. Lakini yaliingiaje huko katikati na kushikamana namna ile, na huku mbele ni safi? Nilikaa chini nikawaza, na jibu lilipokuja nilishindwa kuinuka. Kila Jumapili Shija aliosha grili kwa mpira wa maji, kwa mbele, kwa nguvu zake zote, na dereva mpya akarithi desturi hiyo. Maji yalikuwa yanasukuma masizi ndani na kuyakandika. Na aliyemwagiza aoshe hivyo ni mimi. Siku lori lilipofika jipya nilimwambia, "Mtani, haya masizi ya Ruhembe yataua rejeta. Osha kila Jumapili, kwa mbele, usikose." Hakukosa hata Jumapili moja. Kwa malori ya zamani yenye rejeta moja ushauri ule haukuwa na neno. Hili halikuwa la zamani. Lilihitaji kulegezwa intakula na kupulizwa upepo kutoka nyuma kuja mbele, nami sikujua, na sikujua kwamba sijui.

Nikaenda nyuma ya pipa la oili, nikaitafuta ile gasketi.

Mama Rehema aliishika mkononi, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilimfukuza mtu kwa neno lako, fundi."

"Ndiyo, mama."

"Simpigii simu mimi. Utakwenda wewe, uniletee dereva wangu."

Nilichukua bodaboda mpaka Masanze na gasketi yangu kwenye mfuko wa salfeti. Nilimkuta Shija uani, amefunga ufuta matita, anayapiga juu ya turubai. Akaacha, akafuta mikono.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba."

Basi. Hakukuwa na "bado hujafa". Mkewe, Mama Kulwa, akaleta kigoda na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akanikaribisha vizuri, na ukarimu ule ulinichoma kuliko kama wangenifukuza. Nikatoa gasketi, nikaeleza yote: mapovu, rula, pipa la oili, masizi, Jumapili. Sikujipunguzia kitu. Shija alikuwa anapekecha ufuta kwenye kiganja, anapuliza makapi.

"Kwa hiyo ulijua siku ileile," akasema.

"Nilijua jana yake."

Akatikisa kichwa. "Fundi, hapa unamwambia nani? Mke wangu anajua sikuunguza injini. Hawa kuku wanajua. Uliyasema mbele ya madereva, yarudishe kwa madereva."

Keshokutwa yake tulikwenda pamoja Ruhembe, kwenye uwanja ambapo malori hupanga foleni kungoja kupakia miwa. Walikuwepo kama ishirini, wengi wao wale wa juu ya matairi. Nikasimama kwenye ngazi ya lori moja, nikainua gasketi juu, nikasema, "Jamani, hii ndiyo gasketi niliyosema Shija ameiunguza. Itazameni. Ni nzima. Ilikuwa nzima siku nilipoitoa, nami niliiona, nikadanganya kwa sababu niliona haya mbele yenu. Gari ilichemsha kwa masizi, na namna ya kuosha iliyoyajaza nilimfundisha mimi. Yeye alisimama kila mshale ulipopanda. Dereva ni yeye. Mimi ndiye niliyeunguza."

Hakuna aliyepiga makofi. Gasketi ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja anaipitishia kidole kwenye matundu, mpaka ikamfikia Shija. Akaiinua, akanitazama kupitia tundu la silinda ya kwanza kwa jicho moja. Alinitazama hivyo mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Kisha akawageukia. "Mmesikia wote? Siku atakayokufa huyu Mkaguru, mtu asishike koleo kabla sijafika. Hii gasketi nitaivika kwenye msalaba wake. Na yule jogoo, awe mwekundu."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mimi nililia, vijana, mbele ya madereva ishirini, na sikuona haya hata kidogo. Shija akarudi kwenye usukani siku hiyohiyo. Wale walioacha kuniita Daktari hawakurudia tena, na nikawa fundi mzuri kuliko nilivyokuwa.

Kwa hiyo gari likija linafuka, mpe dereva kigoda, mwulize, ngoja mapovu yaishe, weka karatasi kwenye grili. Ukikuta umefungua kitu kizima, sema hapohapo umefungua kitu kizima. Utaaibika siku hiyo moja tu.

Gasketi iko ukutani hapa barazani, Shija ameniazima mpaka siku itakapohitajika. Uani nafuga kuku, na mke wangu amekatazwa kumchinja jogoo mwekundu hata akija askofu. Shija bado anaendesha lori. Akipita Kilosa huingia kwa mlango wa uani, humtafuta kwanza jogoo, humpima uzito kwa mkono, akiridhika humwachia. Ndipo anakuja barazani kunipa shikamoo.